Postikadi za zamani za Zanzibar, Mombasa na Dar: kadi moja, tarehe tatu

Sokoni leo kuna bidhaa nne tofauti zinazouzwa kwa jina moja la "postikadi ya zamani". Ya kwanza ni kadi ya kolotaipu (uchapaji wa zamani wa kutumia bamba la kioo lenye jelatini), ambazo nyingi zilichapwa Ujerumani kabla ya 1914. Ya pili ni picha halisi, iliyosafishwa kwenye chumba cha giza juu ya karatasi yenye mgongo wa postikadi. Ya tatu ni kadi ya rangi ya ofseti, ile ya twiga, ufuo na hoteli, iliyojaa kwenye vibanda vya watalii kuanzia miaka ya 1960. Ya nne ni nakala iliyochapwa juzi tu. Zote nne zinaweza kuonyesha Beit al-Ajaib ileile, jumba la maajabu la Unguja, lakini thamani zake hazikaribiani.

Kinachowachanganya wanunuzi ni kwamba kila kadi ina tarehe tatu: siku picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapwa, na siku ilipotumwa. Wauzaji wengi hutaja ile kongwe zaidi. Hawasemi uongo moja kwa moja, ila mnunuzi analipia picha ya 1890 huku mkononi ana karatasi ya 1910, au ya 2019.

Vifaa

Kabla ya kutaja bei, uwe na vitu vitatu: kioo cha kukuza mara 10 kama cha masonara, rula yenye milimita, na tochi ya miale ya urujuanimno, ile inayotumiwa madukani kukagulia noti bandia. Vyote vinaingia kwenye mfuko wa shati.

Anza na rula. Kadi za mwanzo wa karne ya 20 zina ukubwa wa karibu sentimita 9 kwa 14. Ukubwa wa sentimita 10.5 kwa 15 ulienea baadaye sana, kwa hiyo kadi "ya 1905" yenye urefu wa sentimita 15 imejishtaki yenyewe. Ikipungua, kwa mfano sentimita 13.3 badala ya 14, basi huenda imekatwa ukingo ili kuficha mchaniko au pembe zilizolika. Pima pande zote nne, kwa sababu mkasi wa mkono hauachi pembe mraba.

Kisha tochi. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 hivi zina kemikali ya kung'arisha weupe, na chini ya miale hiyo hutoa mwanga wa buluu. Karatasi ya kabla ya hapo hubaki imefifia, rangi ya krimu au hudhurungi. Angalia upande mmoja tu wa hoja hii: kung'aa kunathibitisha upya, lakini kutong'aa hakuthibitishi ukale, maana hata leo zipo karatasi zisizo na kemikali hiyo. Fanyia kazi hii gizani. Kwenye mwanga wa mchana utaona kila kitu kinafanana.

Kioo ndicho kinachotoa uamuzi. Kolotaipu haina vitone. Ina mikunjo midogo isiyo na mpangilio, kama tope lililokauka na kupasuka. Uchapaji wa kawaida wa zamani una vitone vilivyopangwa mistari. Ofseti ya rangi ina vitone vya buluu, waridi, njano na vyeusi vilivyojikusanya kama vijiua. Mashine ya wino ya kisasa hurusha nukta ndogo za rangi hovyohovyo, hata kwenye picha inayoonekana ya rangi moja ya kahawia. Picha halisi haina lolote kati ya hayo: kivuli kinateleza kuingia kwenye mwanga bila kukatika.

Kolotaipu: bora kwa anayetaka mji

Kwa anayetaka kuona mitaa, majengo na bandari, hizi ndizo za kuanzia. A. C. Gomes na J. B. Coutinho, Wagoa waliokuwa na studio Mji Mkongwe wa Unguja, ndio majina utakayokutana nayo mara nyingi chini ya picha. Wateja wao walikuwa abiria wa meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, British India, Union-Castle na Messageries Maritimes. Meli ikitia nanga, watu walishuka kutembea mjini, wakanunua kadi, wakaandika salamu na kuzipeleka posta kabla ya kuondoka. Ndiyo maana kadi nyingi nzuri za Pwani leo ziko Ujerumani, Uingereza na Ufaransa. Zilinunuliwa ili zisafiri, na zile chache zilizobaki hapa zililiwa na unyevu na mende.

Ubora wake ni wa kuaminika. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ilikuwa mchapaji wa postikadi wa dunia nzima, na kadi za miji iliyokuwa chini ya Waingereza nazo zilichapwa huko. Vita vilipokata biashara hiyo, wachapishaji wengi walihamia kwenye uchapaji wa vitone, na ukali wa picha ukashuka waziwazi. Ukiwa na kadi mbili za bandari ileile, moja ya 1908 na nyingine ya 1922, kioo kitakuonyesha milingoti ya majahazi kwenye ya kwanza na ukungu kwenye ya pili.

Nyuma ya kadi kuna kipimo kizuri cha umri. Mwanzoni upande huo ulikuwa wa anwani peke yake, na salamu ziliandikwa upande wa picha, zikibanwa pembeni. Mstari wa kugawa mgongo mara mbili, ujumbe kushoto na anwani kulia, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ufaransa 1903, Ujerumani 1905 na Marekani 1907. Kwa hiyo mgongo uliogawanywa haujachapwa kabla ya 1902, hata picha ya mbele ikiwa ya kale kiasi gani. Kinyume chake si lazima: kadi zenye mgongo mzima zilikaa madukani na ziliendelea kutumwa miaka kadhaa baadaye.

Picha yenyewe ina tarehe zake. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na mbele yake, karibu na maji, ulikuwapo mnara uliosimama peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji mabomu, mnara huo ukaharibiwa na Beit al-Hukm ikabomoka. Jengo lilipokarabatiwa, mnara wa saa ukawekwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Ukiona mnara uko mbali na jengo, picha ni ya kabla ya Agosti 1896. Ukiuona umeota juu ya jengo, ni ya baadaye. Usisahau kwamba negativu za miaka ya 1880 na 1890 ziliendelea kutumika kwenye kadi za karne iliyofuata. Picha ya kabla ya mabomu juu ya mgongo uliogawanywa ni jambo la kawaida kabisa, na bei yake iwe ya kadi, isiwe ya picha.

Alama nyingine za Unguja: reli ya Bububu ilianza 1905 na ikaacha kubeba abiria miaka ya 1920, kwa hiyo kadi za treni ikipita mtaani zina kipindi kifupi na wakusanyaji huzigombania. Beit el Amani ilifunguliwa 1925. Kadi ya "Sultani" bila jina inahitaji uso: Hamud bin Muhammad alitawala 1896 hadi 1902, Ali bin Hamud hadi 1911, kisha Khalifa bin Harub hadi 1960. Huyu wa mwisho ndiye aliye kwenye kadi nyingi, na kwa sababu alitawala karibu miaka 50, sura yake peke yake haitoshi. Tafuta ndevu zimefika rangi gani.

Dar es Salaam ni rahisi zaidi, kwa sababu mji ulibadilishiwa majina. Barabara ya Samora iliitwa Unter den Akazien wakati wa Wajerumani, ikawa Acacia Avenue chini ya Waingereza, kisha Independence Avenue baada ya uhuru. Sanamu ya Wissmann, gavana wa zamani wa Kijerumani, ilisimamishwa 1909 na ikaondolewa Waingereza walipochukua nchi. Sanamu ya Askari inayosimama leo ilizinduliwa 1927. Jina la mtaa na sanamu vikigombana, kuna kitu si sawa.

Maandishi ya chini yasiaminiwe

Hapa ndipo hadithi za kadi hizi zinapokuwa chungu. Mwanamke aliyepigwa picha studio hakuandikwa jina. Aliandikwa "mrembo wa Kiswahili", leo wa Zanzibar, kesho wa Mombasa, kulingana na nani amenunua negativu. Ukiweka kadi kadhaa za aina hiyo mezani, utaona pazia lililochorwa ni lilelile, kiti ni kilekile, mkeka ni uleule. Mavazi nayo huenda yalikuwa ya studio. Kwa hiyo anayenunua kadi hizi kwa kutafuta ushahidi wa mavazi ya mji fulani anajenga juu ya mchanga. Anayezinunua ili aone jinsi studio zilivyofanya kazi amepata mali.

Kanga husaidia kidogo. Maandishi kwenye kanga yalianza mapema karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikafuata za Kilatini. Kanga yenye jina linalosomeka kwa herufi za Kilatini haiwezi kuwa kwenye picha ya 1885, liwe limeandikwa nini chini ya picha.

Jihadhari pia na kadi za watu wenye minyororo shingoni zinazouzwa mtandaoni kama picha za watumwa. Kadi nyingi za aina hiyo zilizotoka Deutsch-Ostafrika, yaani koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, zinasema zenyewe kwa Kijerumani, chini ya picha, kuwa ni wafungwa wa serikali ya kikoloni. Muuzaji anayebadilisha maelezo hayo anaongeza bei na kufuta historia kwa mkupuo mmoja.

Stempu na muhuri

Kadi iliyotumwa ina faida juu ya kadi safi: ina shahidi. Zanzibar ilitumia stempu zake kuanzia Novemba 1895, mwanzo zikiwa stempu za India zilizogongwa jina la Zanzibar juu. Thamani ziliandikwa kwa anna na rupia. Mwaka 1908 zikaja senti, 100 kwa rupia moja, na mwaka 1936 shilingi. Baada ya Mapinduzi stempu zilizokuwapo zikagongwa "JAMHURI 1964". Bara, upande wa Wajerumani, stempu zenye meli ya mfalme zilihesabiwa kwa sarafu ndogo iliyoitwa pesa, 64 kwa rupia, hadi 1905 zilipoingia heller, 100 kwa rupia. Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na stempu ya kichwa cha twiga kuanzia 1922, na kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja.

Ughushi wa kawaida ni kuchukua kadi safi, kuibandika stempu ya zamani iliyokwishatumika, na kukamilisha muhuri kwa kalamu. Dawa yake ni kioo. Fuata duara la muhuri kutoka kwenye stempu hadi kwenye karatasi: mstari lazima uendelee bila kuruka, wino uwe mmoja, na tarehe iwe ndani ya maisha ya stempu hiyo. Stempu ya senti kwenye muhuri wa 1904 ni kazi ya fundi, tena fundi mvivu.

Mihuri ya melini ndiyo inayopendwa zaidi. Neno "PAQUEBOT" linaonyesha kadi ilitiwa posta chomboni, na ule wa "DEUTSCHE SEEPOST OST-AFRIKA-LINIE" unaonyesha ilipita ofisi ya posta ya meli ya Kijerumani. Kadi ya kawaida yenye muhuri kama huo ulio wazi inaweza kuishinda kadi nzuri zaidi isiyo nao. Stempu ikibandikwa upande wa picha si kosa. Wakusanyaji wa Ufaransa walipenda hivyo ili albamu ionyeshe vyote viwili kwa pamoja. Stempu ikibanduliwa, hapo ni hasara, na mara nyingi hubanduka na ngozi ya karatasi.

Picha halisi: ghali, na inastahili

Hizi zilitengenezwa moja moja au kwa mafungu madogo. Mara nyingi ndizo zenye matukio: ajali, msafara, ufunguzi wa jengo, duka na wenye duka mlangoni. Walther Dobbertin alifanya kazi hii Deutsch-Ostafrika, na picha zake nyingi zimehifadhiwa Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, ambako unaweza kulinganisha kabla ya kununua.

Dalili njema ni kung'aa kwa fedha kwenye sehemu nyeusi, hasa pembeni, ukiinamisha kadi kwenye mwanga. Ni fedha ya kwenye picha iliyopanda juu baada ya miongo ya unyevu. Ni kasoro, lakini ni kasoro ambayo mashine ya wino haiwezi kuiiga. Usijaribu kuifuta. Tazama pia kisanduku cha stempu nyuma, ambacho hubeba jina la karatasi: AZO, VELOX, LEONAR, AGFA. Kwa AZO, pembetatu nne zinazoelekea juu kwa kawaida ni za 1904 hadi 1918, na mbili juu mbili chini ni za baadaye hadi karibu 1930. Ila karatasi ilikaa kabatini, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya karatasi kutoka kiwandani.

Rangi za likizo: rahisi na zinadharauliwa bure

Kadi za rangi za miaka ya 1960 hadi 1980, zikiwamo za Sapra Studio, bado hazina bei kubwa, na hapo ndipo anayeanza na bajeti ndogo angepaswa kuwekeza. Zinaonyesha miji ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Daraja la Nyali, Mombasa, lililoelea juu ya maboya, lililofunguliwa 1931, lilihudumu hadi daraja jipya lilipokuja 1980. Barabara ya pembe za ndovu inaitwa Kilindini Road kwenye kadi za awali na Moi Avenue kwenye za baadaye. Fort Jesus ilikuwa gereza hadi 1958. Kadi inayoiita jumba la makumbusho ni ya baada ya hapo.

Mfano mzuri zaidi wa tarehe tatu ni Treetops, hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala hapo usiku ambao baba yake alifariki, kuamkia tarehe 6 Februari 1952. Nyumba hiyo ya juu ya mti ilichomwa moto 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na hoteli mpya, kubwa zaidi, ikajengwa 1957. Kadi nyingi zinazomsimulia binti mfalme aliyeshuka mtini akiwa malkia zinaonyesha jengo ambalo hakuwahi kulitia mguu. Kadi ya jengo la kwanza ni adimu zaidi, na ndiyo ya kutafuta.

Kasoro yake kuu ni jua. Kadi iliyokaa kwenye kibanda cha dirishani hupoteza njano na waridi, ikabaki ya samawati. Ikiwa imegeuka nyekundu, basi si ofseti bali ni picha ya rangi ya kemikali, na itaendelea kuharibika hata gizani. Iskani mapema.

Nakala mpya

Kwa ukuta wa mkahawa au sebule, nakala inatosha kabisa, ilimradi iuzwe kwa jina lake. Mahali kama Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, pana sifa kwa sababu studio ina hazina yake ya picha na chanzo kinajulikana. Tatizo ni nakala zilizotokana na kuiskani kadi iliyokwishachapwa: vitone vya zamani vinagongana na vya mashine mpya, na anga linajaa mawimbi. Maandishi ya chini huwa yamefutwa, mgongo hauna kitu. Nakala iliyopakwa chai ili ionekane ya kale hutambulika ukingoni: rangi imeingia sawasawa mpaka ndani, wakati uzee wa kweli huanzia nje.

Kununua mtandaoni

Masoko makuu ni eBay na Delcampe la Ubelgiji. Usitafute kwa tahajia moja. Andika pia "Sansibar", "Daressalam", "Mombassa", "Suaheli", "Deutsch-Ostafrika" na "D.O.A.", kadi nzuri hujificha kwenye tahajia ambayo wengine hawaitafuti. Muombe muuzaji picha ya pande zote mbili, vipimo kwa milimita, na picha moja iliyopigwa mwanga ukitoka pembeni, ili mikunjo ijitokeze. Anayekataa kuonyesha nyuma mwache na kadi yake. Kabla ya kulipa, pitia mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960, unaotazamika bure. Mara nyingi utaikuta picha hiyohiyo na maelezo yaliyo sahihi zaidi.

Kutunza

Usiipige lamineti. Joto na gundi yake vinaunganisha plastiki na karatasi milele, na kadi inageuka kitambulisho. Tumia bahasha za polipropilini au poliesta. Zile laini za PVC zenye harufu kali hutoa kemikali na kunata kwenye wino. Ukiweka kwenye fremu, acha nafasi kati ya kadi na kioo kwa kutumia kadibodi yenye dirisha, kwa sababu kwenye unyevu wa Pwani jelatini ya picha halisi hulainika na kugandana na kioo, na ukiivuta inaacha uso wake huko. Sanduku lenye kifuniko, vipakiti vya silika vinavyobadilishwa vikishiba, na rafu isiyogusa ukuta wa nje: hayo yanatosha kuzuia ukungu na mende.

Andika kwa penseli laini, nyuma, pembeni: ulikonunua, na zile tarehe tatu, kila moja peke yake. Iskani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, hifadhi kama TIFF, na faili la nyuma lipewe namba sawa na la mbele.